Je, nikimsamehe ni lazima nifute kesi?

Barua nyingi zilizofika tangu Pasaka zinauliza jambo moja kwa sauti mbalimbali: Mkristo aliyetendewa mabaya anaruhusiwa kudai nini, na anaamriwa kuachilia nini? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote, na mwenye barua ameniruhusu kuichapisha baada ya kuondoa majina yote.

Swali: Mwalimu, nakusalimu katika jina la Bwana. Mwanangu wa pili alikuwa mwendeshaji wa bodaboda huku Eastlands. Mwaka jana, jioni moja, kundi la watu lilimwita mwizi wa simu, likampiga mpaka akafa. Baadaye ikajulikana kwamba simu yenyewe haikuwa imeibwa; ilisahauliwa dukani, juu ya mfuko wa unga. Watu wawili wameshtakiwa, na mmoja wao ni kijana wa jirani ambaye nilimjua tangu akibebwa mgongoni. Mwezi uliopita mama yake alikuja kwangu pamoja na wazee wawili wa kanisa letu. Kijana mwenyewe hakutuma neno. Walileta sukari, unga na majani ya chai, wakaomba, kisha mzee mmoja akafungua Mathayo 6 akanisomea kwamba nisiposamehe, Baba naye hatanisamehe. Akasema msamaha wa kweli ni kufuta kesi. Tangu siku hiyo sijashiriki Meza ya Bwana. Helmeti ya mwanangu bado iko chini ya meza, na kila nikifagia naisogeza, halafu nairudisha palepale. Sitaki mtu auawe. Lakini nikisema nimesamehe, naona kama ninasema mwanangu hakuwa kitu. Nifanye nini? *Mama mzazi, Umoja.*

Jibu: Mama, pole sana. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kabla sijafungua Maandiko nataka kukuambia wazi kwamba wageni wako walikuletea maombi mawili yaliyofungwa katika kitita kimoja. Kusamehe ni ombi moja, kufuta kesi ni ombi jingine, na naamini wazee walikosea walipoyafunga pamoja.

Nianze na hilo la kesi, kwa kuwa ni jepesi kulieleza. Katika sheria za Kenya, kesi ya mauaji si mali ya familia ya marehemu. Anayeshtaki ni Jamhuri, kupitia kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye mamlaka yake yako katika kifungu cha 157 cha Katiba ya 2010, na hata yeye hawezi kuyaondoa mashtaka pasipo ruhusa ya mahakama. Ni kweli kwamba kifungu cha 159 kinazitaka mahakama ziendeleze upatanisho, na kwamba sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, katika kifungu cha 176, inamruhusu hakimu kuwapatanisha watu waliokosana kwa jambo kama shambulio la kawaida, lakini kifungu hichohicho kinayaacha nje makosa mazito. Kwa hiyo uliombwa kitu ambacho hakimo mkononi mwako. Kilichomo mkononi mwako ni ushahidi wako tu, na kuhusu ushahidi Biblia haina utata: Walawi 5:1 inamhesabia uovu shahidi aliyeona au kujua jambo kisha asilinene. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 nayo inakupa haki ya kusikilizwa katika kesi hiyo. Siku ukiitwa, nenda.

Sasa msamaha wenyewe, ambao ndio unaokunyima usingizi. Kiswahili kimetusaidia sana hapa, kwa kuwa tunatumia neno lilelile kwa mtu na kwa deni. Twasamehe mkosaji, twasamehe deni. Kigiriki cha Agano Jipya hufanya vivyo hivyo, na ndiyo sababu Sala ya Bwana katika Mathayo inasema, "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Mwenye duka anayetaka kukusamehe deni huanza kwa kufungua daftari. Hutafuta jina lako, huangalia ni shilingi ngapi, ndipo anapoupiga mstari. Asiyejua anadai nini hana cha kusamehe. Hofu yako kwamba ukisamehe utakuwa umesema mwanao hakuwa kitu inatokana na msamaha wa namna nyingine, ule wa kulifunga daftari kabla halijasomwa, na huo sijauona katika Injili.

Tazama mfano wa mtumwa asiye na huruma katika Mathayo 18. Mfalme anaanza kwa kufanya hesabu. Mmoja anadaiwa talanta elfu kumi, na kwa kuwa talanta moja ilikaribia dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, deni hilo lisingelipika hata kwa maisha ya watu elfu. Mtumwa huyo anasamehewa, anatoka nje, anamkuta mwenzake anayedaiwa dinari mia, anamkaba koo. Wahubiri wengi huzitaja dinari hizo mia kama chenji ya mfukoni. Zilikuwa vibarua vya siku mia, zaidi ya miezi mitatu ya jua na jasho, na Yesu aliyekulia katika nyumba ya seremala alijua hesabu hiyo. Hakusema kwamba deni la pili ni dogo lenyewe. Alisema ni dogo likiwekwa kando ya lile la kwanza.

Kisha kuna mstari ambao natamani mzee wako angeusoma pia. Watumwa wengine walipoona mwenzao amekabwa na kutiwa kifungoni, hawakumwambia asamehe na kunyamaza. Walisikitika sana, wakaenda wakamweleza bwana wao yote yaliyotendeka. Yesu anaisimulia habari hiyo bila neno la kuwalaumu. Wala sitakuficha kwamba mfano huu, ambao ndio mzito kuliko yote juu ya msamaha, unaishia kwa mfalme kughadhibika na kumtoa yule mtumwa kwa watesaji hata atakapolipa deni lote. Nimeufundisha kwa miaka mingi na sijapata njia ya kuulainisha mwisho huo. Onyo alilokusomea mzee limo kweli, na ni lako na ni langu. Lakini anayekutwa na ghadhabu ya mfalme ni yule aliyemshika mnyonge kooni, na ajabu yake ni kwamba nyumbani mwako onyo hilo lilielekezwa kwa mama wa aliyeuawa.

Kuhusu thamani ya mwanao, rudi mwanzo kabisa mwa Biblia. Kaini amemwua Habili shambani, hakuna shahidi, na Mungu anamwambia kwamba sauti ya damu ya ndugu yake inamlilia kutoka katika ardhi. Damu ina sauti, na Mungu anaisikia kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Mistari michache baadaye Mungu huyohuyo anamtia Kaini alama ili atakayemwona asimwue. Maandiko yote yanayofuata, Mama, yanatembea kati ya mambo hayo mawili, kwamba damu isipuuzwe na kwamba mwuaji naye asichinjwe na mtu wa kwanza atakayekutana naye.

Katika Israeli ya kale jamaa wa karibu wa marehemu aliitwa mlipiza kisasi cha damu. Hesabu 35 haikumwondoa, lakini ilitenga miji sita ya makimbilio, ikaagiza kwamba mkutano usikilize shauri, ikakataza mtu kuuawa kwa ushuhuda wa shahidi mmoja, na ikakataza pia kupokea fidia kwa ajili ya uhai wa aliyeua kwa kukusudia. Mstari huo wa fidia nauona ni wa heshima kubwa kwa maskini, kwa sababu mwenye mali asingeweza kuinunua damu ya mtoto wa mjane kwa ng'ombe, seuze kwa sukari na unga.

Paulo anaipeleka njia hiyo mbele zaidi. Katika Warumi 12 anaandika, "Wapenzi, msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu," akinukuu Kumbukumbu la Torati 32. Angalia kwamba hasemi hakuna kisasi. Anasema hakiko mikononi mwetu. Mistari michache baadaye, katika Warumi 13, anasema mwenye mamlaka hauchukui upanga bure. Sisi tumezoea kuzisoma sura hizo Jumapili mbili tofauti, lakini mgawanyo wa sura tulio nao ulifanywa katika karne ya 13. Paulo aliandika barua moja, na wazo la pili likafuata la kwanza kwa pumzi ileile. Unaweza kusimama mbele ya jaji, ukaapa, ukasema yote uliyoyaona, bila kulivunja neno hata moja la Warumi 12. Ungelivunja kama ungewalipa vijana wa mtaa wamwendee yule mtoto wa jirani usiku. Umesema hutaki mtu auawe. Mama, hapo tayari umeshaachilia jambo kubwa kuliko unavyodhani.

Usikubali pia kuharakishwa. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30, ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa kabla hajajitambulisha kwa ndugu zake. Jumlisha mwenyewe, utapata miaka 22. Alipowaona mara ya kwanza alisema nao kwa ukali, akawatia kifungoni siku tatu, akawajaribu, na mara zaidi ya moja akaondoka kwenda kulia faraghani. Alijifunua baada ya Yuda, ambaye ndiye aliyetoa shauri la kumwuza, kusimama na kujitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Na hata mwishoni, katika Mwanzo 50, hakuwaambia kwamba haikuwa kitu. Aliwaambia machoni, "Ninyi kweli mlinikusudia mabaya," ndipo akaongeza kwamba Mungu aliyakusudia kuwa mema. Sentensi ile ya kwanza ndiyo wengi wanaoomba msamaha hawataki kuisikia, na kwa maoni yangu, bila sentensi hiyo, ile ya pili haina miguu.

Utaniuliza, je, nimngoje kijana atubu kwanza? Luka 17:3 yasema ndugu yako akikosa umwonye, akitubu umsamehe. Zakayo alipotubu alisimama akaahidi kurudisha mara nne. Hata hivyo Luka huyohuyo anatupa sala ya msalabani, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo," na waliokuwa wakipiga misumari hawakuwa wametubu. Nakala kadhaa za kale za Injili hazina maneno hayo, lakini Kanisa limeyasoma kizazi hata kizazi. Sioni njia ya haki ya kuifuta mojawapo ya sura hizi mbili kwa kutumia nyingine. Nionacho ni kwamba msalabani Yesu hakusema nao wao, alisema na Baba yake. Aliliweka deni mikononi mwa Baba. Hilo waweza kulifanya jikoni kwako leo, kwa sentensi moja fupi, hata kama kijana hajatubu na hata kama huwezi bado kumtazama usoni. Kupatana naye ni jambo jingine linalohitaji miguu yake mwenyewe imlete mlangoni pako na kinywa chake kiseme alichofanya, bila mama yake kusema kwa niaba yake.

Kuhusu Meza ya Bwana, Yesu anasema katika Mathayo 5 kwamba mtu akileta sadaka na kukumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende akapatane kwanza. Anayeachishwa njiani hapo ni yule ambaye mwenzake ana neno juu yake, yaani mkosaji. Marko 11:25 inamwambia na mdai asamehe anaposimama kusali, nami sitaki kukuficha mstari huo. Lakini mtu anayelia kwa sababu anataka kusamehe na hajaweza, hajawa mtu anayekataa. Zungumza na mchungaji wako, umweleze kama ulivyonieleza mimi, kisha urudi Mezani.

Na ile sukari usiirudishe. Mama mwenzako naye hapati usingizi, na yeye hakuua mtu.

Swali: Mwalimu, mimi ni fundi wa magurudumu huku Kawangware. Wezi wakishikwa huku leo, kesho tunawaona stejini wakitucheka. Kwa hiyo wananchi wakimshika mmoja wanammaliza. Biblia imesema jicho kwa jicho. Kwa nini mnatulaumu? *Kijana, Kawangware.*

Jibu: Kijana wangu, hasira yako naielewa, maana mtu aliyeibiwa vifaa vya kazi ameibiwa chakula cha watoto wake. Lakini tulisome andiko ulilolitaja, kwa sababu limesemewa uongo kwa muda mrefu.

"Jicho kwa jicho" limo mahali patatu katika Torati: Kutoka 21, Walawi 24 na Kumbukumbu la Torati 19. Hakuna hata mahali pamoja panapozungumzia wizi. Adhabu ya mwizi iko katika Kutoka 22, nayo ni kulipa: ng'ombe watano kwa mmoja aliyechinjwa au kuuzwa, kondoo wanne kwa mmoja, na mara mbili kwa mnyama aliyekutwa yu hai mkononi mwake. Sura hiyohiyo inasema kwamba mwizi akikutwa usiku akivunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Lakini jua likiwa limechomoza, hatia ya damu iko. Watu wanaomwagia mtu petroli na kumvisha tairi saa nane mchana, katikati ya barabara, wana hatia ya damu kwa Torati yenyewe wanayoinukuu.

Jicho kwa jicho ni kipimo cha mwisho ambacho adhabu haiwezi kukivuka. Aliyepoteza jicho hutamani kichwa, na aliyepoteza mtoto hutamani ukoo mzima. Neno letu "kisasi" asili yake ni Kiarabu, na huko lina maana ya malipo yaliyo sawa na kosa. Katika vinywa vyetu kipimo kimepotea, ikabaki hasira. Kanuni hiyo ilikuwapo kabla ya Musa kuandikiwa sheria. Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 kabla ya Kristo, aliichonga katika jiwe jeusi ambalo leo liko katika makumbusho ya Louvre mjini Paris. Kwa Hammurabi, jicho la mwungwana lililipwa kwa jicho, la mtu wa kawaida kwa fedha, na la mtumwa kwa nusu ya bei yake. Torati inasema katika Walawi 24 kwamba sheria ni moja kwa mgeni na kwa mzalia, na katika Kutoka 21, mistari miwili tu baada ya jicho kwa jicho, inaagiza kwamba bwana akimharibu mtumwa wake jicho, au hata kumng'oa jino, atamwacha huru. Hakuna jicho la bwana linalotolewa hapo. Waalimu wa Kiyahudi waliokusanya sheria zao kiasi cha mwaka 200 baada ya Kristo walikwisha kuielewa kanuni nzima kuwa ni fidia: anayemjeruhi mwenzake atalipia madhara, maumivu, matibabu, kazi iliyopotea na aibu. Waliweka hata bei ya kofi, zuzi (sarafu za fedha) 200 kwa kiganja na 400 kwa kinyume cha mkono, kwa sababu la pili linadhalilisha zaidi. Jambo hilo unaweza kulikumbuka unaposoma Yesu akisema juu ya shavu la kuume, maana mkono wa kuume hulipiga shavu hilo kwa kinyume chake.

Yesu katika Mathayo 5 haisifu sheria hiyo wala haiiti mbaya. Anawaambia wanafunzi wake wasiitumie hata pale wanapoistahili. Hilo ni gumu, na sikuandikii kana kwamba mimi nimelimudu. Lakini wewe hujafika hata kwenye ugumu huo, ndugu yangu. Bado uko nyuma ya Musa.

Nakuomba usome pia Kumbukumbu la Torati 19, kuanzia mstari wa 16. Pale jicho kwa jicho ni hukumu ya shahidi wa uongo. Waamuzi wakichunguza sana wakakuta kwamba mtu amemshuhudia ndugu yake uongo, atendewe yeye lile alilotaka kumtendea mwenzake. Kisha rudi uisome barua ya Mama wa Umoja hapo juu, ujiulize ni nani wa kwanza kupaza sauti ya "mwizi" jioni ile.

Swali: Katika kesha zetu tunaagizwa kusoma Zaburi 109 juu ya adui zetu na kuwataja majina. Wengine wanasema ni dhambi. Ni dhambi kweli? *Dada, Kasarani.*

Jibu: Dada, niliwahi kukaa katika kesha kando ya mwanamke aliyeisoma zaburi hiyo huku kidole kikifuata kila mstari, na ndani ya Biblia yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipofika pale pasemapo, "Wanawe na wawe yatima, na mkewe na awe mjane," kidole kilisimama. Akafunga kitabu. Sikumwuliza kitu, lakini nimemkumbuka mara nyingi.

Zaburi za namna hiyo zimewasumbua watu wa Mungu siku zote. Kanisa Katoliki lilipotengeneza upya Sala za Vipindi, yaani sala zake za kila siku kwa saa maalumu, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, zaburi tatu, ya 58, ya 83 na ya 109, ziliachwa nje kabisa, pamoja na mistari kadhaa ya nyingine, ukiwamo ule wa mwisho wa Zaburi 137 unaozungumzia watoto wachanga wa Babeli. Mimi nasikitika kwamba ziliachwa, ingawa nawaelewa walioziacha. Aliyetunga Zaburi 137 alikuwa ameuona mji wake ukichomwa. Aliimwaga hasira yake mbele za Mungu, na kwa kadiri tuonavyo katika maneno yake, hakuna mtoto aliyeguswa na mkono wake. Afadhali mtu aseme neno baya kwa Mungu kuliko kuliweka moyoni hadi liwe panga.

Lakini tofauti ipo kati ya kulia na kurusha. Mwandishi wa Zaburi 109 alikuwa mtu aliyesingiziwa, anayejiita maskini na mhitaji, na moyo wake umejeruhiwa ndani yake. Ukiwa katika hali hiyo, isome. Kesha inayomwambia mtu ataje jina la bosi wake, wifi yake au jirani aliyejenga ghorofa, ili Mungu awafyeke kabla ya asubuhi, inamfanya Mungu kuwa askari wa kukodi. Paulo anatuonyesha njia nyingine katika 2 Timotheo 4. Anamtaja mfua shaba aliyemtenda mabaya mengi, na juu yake anasema Bwana atamlipa kwa kadiri ya matendo yake. Mistari miwili mbele anawakumbuka marafiki waliomwacha peke yake siku ya kujitetea, na juu yao anaomba wasihesabiwe hatia. Ni mtu mmoja, katika ukurasa mmoja, akiwa kifungoni na akijua kwamba wakati wa kufariki kwake umefika.

Hata kati ya mashahidi wa imani sauti si moja. Stefano anakufa kwa mawe akiomba wauaji wake wasihesabiwe dhambi hiyo. Roho zilizo chini ya madhabahu katika Ufunuo 6, ambazo nazo ni za mashahidi waliouawa, zinalia kwa sauti kuu, hata lini Mola atakawia kuipatia haki damu yao. Hazikemewi. Zinapewa mavazi meupe na kuambiwa zistarehe muda mchache.

Swali: Petro aliambiwa asamehe "saba mara sabini". Katika Biblia nyingine nimeona "sabini na saba". Ni 490 au 77? *Mwalimu wa shule ya Jumapili, Dagoretti.*

Jibu: Kigiriki cha Mathayo 18:22 kinaruhusu usomaji wote wawili, na Petro hakupewa hesabu ya kuhesabia. Kilicho muhimu zaidi, na ambacho ningependa uwaonyeshe watoto, ni mahali pengine ambapo maneno hayo hupatikana. Katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, maneno yaleyale yako katika Mwanzo 4:24, kinywani mwa Lameki, mtu wa uzao wa Kaini. Lameki anawaita wake zake wawili, Ada na Sila, waje wamsikilize, kisha anajisifu kwamba amemwua kijana kwa sababu ya kumchubua tu, na kwamba kama Kaini atalipiwa kisasi mara saba, yeye atalipiwa mara sabini na saba. Wape watoto wasome mistari hiyo miwili kwa zamu, mmoja asome maneno ya Lameki na mwingine asome jibu ambalo Yesu alimpa Petro, halafu uwaulize wameona nini.